Mdogo wangu atatoka gerezani kabla rufaa yake haijaamuliwa. Je, rufaa imekufa?

*"Shikamoo wakili. Mdogo wangu yuko gereza la shirikisho hapa Marekani. Alikiri kosa la kuiba barua zilizokuwa na hundi ndani, akafungwa miezi 14, na akitoka atakuwa chini ya uangalizi miaka 3. Hapingi kwamba alikosa. Rufaa yake ni ya kupinga adhabu tu. Wakili anasema jaji alizidisha hesabu ya hasara, na kama hesabu ingekuwa sahihi angepimwa kwa miezi 6 hadi 12 badala ya 12 hadi 18. Sasa imebaki miezi miwili atoke na mahakama ya rufaa iko kimya. Wenzake wa ndani wamemwambia siku akitoka rufaa inakufa yenyewe, kwa hiyo bora aiondoe mapema. Ana grini kadi, si raia. Ni kweli wanavyosema? Na sisi tufanye nini?"*

Marahaba, dada. Kabla hujaendelea kusoma, mpigie au mwandikie mdogo wako asitie sahihi karatasi yoyote ya kuondoa rufaa mpaka azungumze na wakili wake. Wenzake hawamdanganyi kwa makusudi, maana wanachokisema huwatokea wafungwa wengi kweli. Ila wanakisema kana kwamba ni kanuni moja kwa kila mtu, na kwa mwenye grini kadi na miaka 3 ya uangalizi mbele yake, kuwasikiliza kunaweza kumgharimu kuliko hiyo miezi 14 yenyewe.

Hofu yako naielewa. Kifungo cha miezi 14, ukiondoa siku za nidhamu njema ambazo katika magereza ya shirikisho hufika 54 kwa mwaka, kinabaki kama miezi 12. Rufaa nayo mara nyingi hula karibu mwaka, na majaji wakitaka kusikiliza hoja kwa mdomo inazidi hapo. Ndiyo maana mwenye kifungo kifupi hutoka kabla ya kujibiwa. Kama kutoka tu kungekuwa mwisho wa rufaa, basi mtu aliyefungwa mwaka mmoja asingekuwa na haki ya rufaa ila kwenye karatasi.

Tutenganishe kwanza mambo mawili ambayo naona watu wanayachanganya kila siku. Kuna rufaa iliyochelewa, na kuna rufaa iliyopoteza maana. Kuchelewa ni suala la kalenda: katika kesi ya jinai ya shirikisho, mshtakiwa ana siku 14 tangu hukumu iingizwe kwenye kumbukumbu za mahakama kuwasilisha taarifa ya rufaa. Mdogo wako alishavuka hapo salama. Kupoteza maana ni jambo jingine kabisa. Rufaa ililetwa kwa wakati, hoja zake pengine ni nzuri, lakini majaji wanapoifikia wanakuta hakuna walichobakiwa nacho cha kumpa mrufani. Ibara ya 3 ya Katiba ya Marekani inawapa majaji wa shirikisho mamlaka juu ya mashauri na migogoro halisi tu, si kutoa ushauri. Kwa hiyo mgogoro lazima uwe hai siku rufaa inapoletwa, na uwe hai bado siku inapoamuliwa. Hata serikali isipolalamika, mahakama yenyewe inaweza kuuliza.

Lakini kipimo chenyewe si kikali kama kinavyovumishwa huko ndani. Mahakama Kuu ya Marekani ilirudia mwaka 2013, katika shauri la Chafin dhidi ya Chafin, kwamba shauri hupoteza maana pale tu inapokuwa haiwezekani mahakama kumpa mshindi nafuu yoyote ile. Nafuu ndogo inatosha. Kwa hiyo swali la kumuuliza wakili ni hili: majaji wakikubaliana na mdogo wangu hata baada ya kutoka, kitabadilika nini?

Jibu linategemea alichopinga, na hapa ndipo wengi wanapotea. Anayepinga hatia yenyewe amesimama mahali pazuri. Hatia ya jinai humfuata mtu hata baada ya lango la gereza. Katika shauri la Carafas dhidi ya LaVallee la mwaka 1968, mtu alikuwa ameshamaliza kifungo chake, lakini kwa sababu ya hatia hakuruhusiwa kupiga kura New York, kukaa kwenye baraza la wazee wa mahakama, wala kufanya baadhi ya biashara. Mahakama ikasema kesi yake ni hai. Mwaka huohuo, katika Sibron dhidi ya New York, ikaenda mbali zaidi: kwa hatia ya jinai, madhara ya namna hiyo yanachukuliwa kwamba yapo. Mrufani hatakiwi kuyathibitisha moja baada ya jingine.

Anayepinga adhabu peke yake habebwi hivyo. Mwaka 1982, katika Lane dhidi ya Williams, wanaume wawili wa Illinois walilalamika kwamba walikiri makosa bila kuambiwa kuwa baada ya kifungo kuna kipindi cha lazima cha uangalizi. Hawakuomba hatia ifutwe, waliomba kipindi hicho kiondolewe. Shauri lilipofika Mahakama Kuu, kipindi kilikuwa kimeshakwisha. Hakukuwa na cha kuondoa, na kesi ikaishia hapo. Kisha ikaja Spencer dhidi ya Kemna, 1998, ambayo utaiona karibu kila mara serikali inapoomba rufaa ya namna hii itupwe. Spencer alirudishwa gerezani Missouri kwa kuvunja masharti ya kuachiwa mapema, akapinga uamuzi huo, na muda wake ukaisha kesi ikiwa bado mahakamani. Akasema uamuzi ule utamharibia akija kushtakiwa tena. Majaji wakamjibu kwamba madhara hayo yatampata tu akivunja sheria upya, na wanachukulia kwamba ataishi kwa kufuata sheria. Kwa anayepinga adhabu, au kurudishwa gerezani kwa kuvunja masharti, basi, madhara hayadhaniwi: anatakiwa ayaonyeshe.

Mdogo wako yuko kundi hili la pili. Asiende mbele ya majaji akisema tu kwamba alionewa na anataka ukweli ujulikane. Ni hoja ya haki kabisa kibinadamu, ila mahakamani haishiki. Anahitaji kitu kinachoendelea kumbana leo, ambacho adhabu ikirekebishwa kitalegea. Nikiisoma barua yako naona viwili, pengine vitatu.

Cha kwanza ni ile miaka 3. Kipindi cha uangalizi ni sehemu ya adhabu, nacho huanza siku anapotoka. Jaji akiagizwa kupanga adhabu upya, anaweza kukigusa pia. Ila usitegemee kwamba siku alizokaa ndani kwa ziada zitakatwa zenyewe kutoka kwenye uangalizi. Mwaka 2000, katika Marekani dhidi ya Johnson, mtu alikuwa amekaa gerezani miaka 2 na nusu zaidi ya alivyostahili, na bado Mahakama Kuu ilikataa makato hayo ya moja kwa moja. Walichosema ni kwamba jaji wa awali anaweza kuupa uzito mkubwa ukweli kwamba mtu alikaa kupita kiasi, akabadilisha masharti ya uangalizi, au kuufuta baada ya mwaka mmoja. Mahakama nyingi za rufaa zimeichukua nafasi hiyo kuwa nafuu inayotosha kuiweka rufaa hai maadamu uangalizi bado unaendelea. Si zote lakini. Mahakama za rufaa za shirikisho zimegawanywa kwa mizunguko, kila mmoja na majimbo yake, na ile ya Mzunguko wa Tatu, mwaka 2009 katika Burkey dhidi ya Marberry, iliona kwamba uwezekano wa jaji kupunguza uangalizi ni wa kubahatisha mno. Kwa hiyo jimbo alikohukumiwa mdogo wako lina uzito, na wakili wake anatakiwa akutajie uamuzi wa mzunguko wenu, si wa mahakama ya mbali.

Hapa kuna mtego mmoja. Baada ya mwaka wa uangalizi, watu wenye tabia nzuri huomba uangalizi ufutwe mapema, na ni jambo zuri. Lakini kama rufaa bado haijaamuliwa na uangalizi ndicho kitu pekee kinachoishikilia, ombi hilo likikubaliwa linaweza kuiua rufaa. Wasiliombe bila wakili wa rufaa kujua.

Cha pili ni uhamiaji, na kwenu ninyi hiki ndicho kizito. Sheria ya uhamiaji ya Marekani ina orodha ya makosa inayoyaweka daraja la juu kabisa la uzito. Wizi unaingia kwenye orodha hiyo pale adhabu ya kifungo inapokuwa mwaka mmoja au zaidi. Kinachohesabiwa ni kifungo alichotamka jaji, hata sehemu iliyoahirishwa, si siku alizolala ndani. Zile siku za nidhamu njema hazimsaidii kitu mbele ya jaji wa uhamiaji. Miezi 14 imevuka mstari. Hata miezi 12 kamili iko ndani ya mstari, kwa sababu ni mwaka mmoja. Miezi 11 iko nje.

Sasa rudi kwenye hesabu ya wakili wenu: miezi 6 hadi 12. Chukulia mahakama ya rufaa inakubali, inarudisha shauri, na jaji anatamka miezi 10. Mdogo wako atakuwa ameshatumikia kama 12. Hakuna wa kumrudishia miezi hiyo miwili. Lakini hukumu itasomeka miezi 10, na wizi wake hautaingia tena kwenye lile daraja kwa sababu ya urefu wa kifungo. Tofauti si ndogo: aliye kwenye daraja hilo hawezi kuomba msamaha wa kutofukuzwa nchini ambao mwenye grini kadi wa miaka 5, aliyeishi Marekani miaka 7 mfululizo baada ya kuingia kihalali, kwa kawaida anaruhusiwa kuuomba. Uraia nao anafungiwa maisha. Madhara haya hayasubiri atende kosa jipya, kwa hiyo jibu alilopewa Spencer halimhusu. Na hoja yenyewe ina mizizi ya zamani: mwaka 1946, katika Fiswick dhidi ya Marekani, raia wa Ujerumani aliyekuwa ametiwa hatiani pamoja na wenzake kwa njama ya kuficha uanachama wao wa chama cha Nazi alikutwa bado ana kesi hai baada ya kifungo, kwa sababu hatia ile ingemletea hatari ya kufukuzwa nchini.

Nisikupe matumaini ya bei rahisi hata hivyo. Fiswick ilihusu hatia, na nyinyi mnapinga adhabu. Mtalazimika kuonyesha kwamba ni urefu wa kifungo hasa unaoleta tofauti. Serikali inaweza kujibu kwamba wizi ni kosa la utovu wa maadili, kwamba kwa tarehe aliyoingia nchini angeweza kufukuzwa kwa njia hiyo hata kwa miezi 10, na kwamba jaji angempa 12 vilevile. Hoja hizo zina majibu, lakini majibu yanatoka kwenye tarehe na karatasi zake, ambazo mimi sijaziona. Tena, rufaa ya adhabu peke yake kwa kawaida haisimamishi maafisa wa uhamiaji kuanza kazi yao. Anaweza kutoka gerezani mkono mmoja na kupokewa na wao mkono wa pili huku rufaa ikiendelea.

Cha tatu ni pesa, kama aliamriwa kulipa fidia. Hesabu ya hasara inayopingwa mara nyingi ndiyo iliyozaa kiasi cha fidia, na deni hilo linaweza kudaiwa miaka 20 baada ya kutoka gerezani. Fidia ikipunguzwa, hiyo ni nafuu ya dola na senti, na hakuna anayeweza kusema haina maana. Ila angalia: lazima iwe imepingwa kwenye hoja za rufaa zilizowasilishwa. Kama wakili aligusa kifungo tu na fidia akaiacha, hamwezi kuikumbuka siku serikali inapoomba rufaa itupwe.

Kuhusu njia zilizo mbele yenu. Sheria ya dhamana wakati wa rufaa, kifungu cha 3143(b) katika juzuu ya 18 ya sheria za Marekani, inamtaja hasa mtu wa aina yake: yule ambaye rufaa ikishinda, kifungo kipya kinaweza kuwa kifupi kuliko muda aliokwisha kukaa ukijumlisha na muda ambao rufaa itachukua. Ni kifungu kizuri ambacho hutumiwa mapema. Ikiwa imebaki miezi miwili, sioni faida kubwa, na kama maafisa wa uhamiaji wameshaweka ombi gerezani wakabidhiwe yeye, dhamana itamhamisha kizuizi kimoja kwenda kingine. Kuomba rufaa iharakishwe kunaeleweka zaidi. Mahakama inaweza kukataa, lakini ombi lenyewe linaweka kwenye kumbukumbu tarehe ya kutoka na sababu za uhamiaji kabla serikali haijasema lolote, na mimi ningelipeleka wiki hii.

Pia mjiandae kwa barua. Akitoka, wakili ana wajibu wa kuiambia mahakama, na serikali huenda ikaleta ombi la kutupa rufaa. Kwa kanuni za mahakama za rufaa za shirikisho, jibu la ombi hutakiwa ndani ya siku 10. Siku 10 hazitoshi kuanza kutafuta wakili wa uhamiaji, kumwomba maelezo ya maandishi na kukusanya karatasi. Yafanyeni haya sasa, barua ije ikute faili liko tayari.

Je, kuna hatari akiendelea? Bila serikali nayo kukata rufaa, mahakama ya rufaa haiwezi kumwongezea adhabu yenyewe. Hilo liliamuliwa mwaka 2008 katika Greenlaw dhidi ya Marekani. Kinachonipa wasiwasi zaidi ni makubaliano ya kukiri kosa. Mengi yana ibara ambayo mshtakiwa anaacha haki ya rufaa, na ikiwa ibara hiyo imo na inashika, mjadala wote huu hauna kazi. Muulize wakili moja kwa moja, usikubali akujibu kwa kuzunguka.

Akiiondoa rufaa leo, zile siku 14 hazirudi. Kuna ombi la kupinga hukumu kwa njia ya pembeni, yaani nje ya rufaa, na mtu aliye chini ya uangalizi bado huhesabiwa kuwa kizuizini kwa ajili ya ombi hilo, lakini lina kikomo cha mwaka mmoja, na makosa ya kukokotoa Miongozo ya Adhabu (kanuni zinazompa jaji vipimo kama ile miezi 6 hadi 12) ni nadra kusikilizwa kule. Kwa hiyo simwoni anaokoa nini kwa kujitoa. Kama wakili aliteuliwa na mahakama, hata pesa haokoi, kwa kuwa uteuzi huo unagharimia rufaa mpaka mwisho.

Na akifukuzwa nchini kabla ya uamuzi? Msidhani yameisha. Kwa rufaa ya adhabu mahakama za mizunguko zinatofautiana, hasa kuhusu uangalizi wa mtu asiyekuwepo nchini, lakini swali lake la kurudi Marekani siku moja linabaki wazi, na wakili anaweza kulitumia. Asichotakiwa kufanya ni kutoroka uangalizi. Mahakama ina ruhusa ya kuitupa rufaa ya mtoro, na aliyeondolewa na serikali yenyewe si mtoro. Aache kwa wakili anwani na namba ya simu ya ndugu, wewe au mwingine, inayopatikana wakati wote.

Haya yote ni ya mfumo wa shirikisho. Msomaji mwingine mwenye ndugu kwenye gereza la jimbo asiyabebe yalivyo, maana kila jimbo lina kanuni zake.

Kwako wewe, dada, hili halimalizwi kwa maandishi. Mnahitaji mawakili wawili wanaozungumza wao kwa wao: yule wa rufaa, na wa uhamiaji anayejua kesi za jinai. Wa pili serikali haitawapa, mtamtafuta wenyewe, na mashirika ya msaada wa kisheria kwa wahamiaji ni pa kuanzia ikiwa hela ni tatizo. Nenda naye ana kwa ana ukiwa na hukumu iliyotiwa sahihi na jaji, makubaliano ya kukiri kosa, hoja za rufaa, nakala ya grini kadi mbele na nyuma, na tarehe halisi aliyoingia nchini. Ripoti ya kabla ya hukumu, ile yenye hesabu ya hasara, mwombe wakili wa rufaa amtumie mwenzake moja kwa moja. Usimpelekee mdogo wako kwa posta, kwa sababu wafungwa wa magereza ya shirikisho hawaruhusiwi kukaa nayo.